Qualcomm yatoka mfukoni, yataka usukani

Mwanzoni mwa Septemba 2025, siku chache kabla ya maonyesho ya magari ya Munich kufunguliwa, BMW ilionyesha hadharani gari lake jipya la umeme, iX3. Waandishi wa magari wakalizunguka, wakapiga picha pua yake, wakauliza betri inakwenda kilomita ngapi. Ni kawaida yao. Lakini wakati huohuo kampuni ya San Diego, California, ambayo haijawahi kuunda hata bawaba ya mlango wa gari, ilitoa taarifa yake kuhusu gari hilohilo. Qualcomm, inayojulikana zaidi kwa chipu zilizomo ndani ya simu za Samsung na Xiaomi, ilisema kwamba programu inayomsaidia dereva wa iX3 barabarani imeandikwa na wahandisi wake pamoja na wale wa BMW. Zaidi ya wataalamu 1,400 waliifanya kazi hiyo kwa miaka 3. Na programu hiyo, Snapdragon Ride Pilot, sasa ilikuwa tayari kuuzwa kwa mtengenezaji mwingine yeyote wa magari.

Hilo la mwisho ndilo zito. Chipu za magari Qualcomm imeziuza kwa miaka, wala hakuna anayeshangaa. Ila programu inayoamua gari lishike breki lini, lihame njia lini na limrudishie dereva usukani lini ni bidhaa ya aina nyingine, na wanunuzi wake ni watu wagumu.

Tazama inavyofanya kazi. Dereva wa iX3 akiwa kwenye barabara kuu ya Ujerumani anaruhusiwa kuondoa mikono kwenye usukani hadi kasi ya kilomita 130 kwa saa, ilimradi macho yabaki barabarani; kamera iliyo ndani ya gari inamwangalia kama anaangalia. Lori la mbele likijikokota, gari linapendekeza kulipita. Dereva anageuza macho kwenye kioo cha pembeni, na kule kutazama tu kunatosha kuwa ndiyo. Gari linahama lenyewe. Akigusa breki kidogo, mfumo hauzimiki kwa hasira kama mifumo ya zamani ilivyokuwa. Unaelewa kwamba mwenye gari ametaka kupunguza mwendo, basi, kisha unaendelea na kazi yake.

Hata hivyo gari hilo halijiendeshi. Chama cha wahandisi cha SAE kimepanga ngazi kuanzia 0 hadi 5, na iX3 iko ngazi ya 2: gari linashika usukani na mwendo na breki kwa pamoja, lakini mwenye dhamana ni binadamu aliyeketi nyuma ya usukani. Akigonga, amegonga yeye. Ngazi ya 5, gari lisilohitaji dereva mahali popote wala hali yoyote, haiuzwi na mtu yeyote duniani. Pesa ya leo, ile inayoingia kila robo mwaka na kusomwa kwenye hesabu, iko kwenye ngazi ya 2 na vijukuu vyake, na ndiko Qualcomm ilikopiga hodi.

Soko hilo lina jambo moja ambalo wafanyabiashara wengi wangelilipia: sheria inalazimisha watu kununua. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya ni lazima liwe na breki za dharura zinazojishika zenyewe, kifaa cha kulizuia kutoka nje ya mstari, kionyaji cha kasi na kionyaji cha dereva anayesinzia. Marekani imeweka kanuni ya breki za dharura kwa magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2029. Kwa hiyo hata gari la bei ya chini kabisa litahitaji kamera nyuma ya kioo cha mbele, na nyuma ya kamera hiyo kuna chipu ya mtu fulani na programu ya mtu fulani.

Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mmoja. Mobileye, iliyoanzishwa Jerusalem mwaka 1999 na Profesa Amnon Shashua pamoja na Ziv Aviram, ilithibitisha kwamba kamera moja na chipu moja, iitwayo EyeQ, vinaweza kutambua gari la mbele, mtu anayevuka na mstari uliochorwa barabarani. Watengenezaji waliinunua kwa wingi kwa sababu ilifanya kazi na kwa sababu ilikuwa rahisi. Wastani wa bei ni kama dola 50 hivi kwa gari. Intel ikainunua kampuni nzima mwaka 2017 kwa dola bilioni 15.3. Mwaka 2024, ambao kwa Mobileye ulikuwa mbaya, bado iliuza mifumo karibu milioni 29.

Ubaya wa mwaka huo unafaa kusimuliwa, kwa kuwa unaonyesha biashara hii ilivyo na mitego. Wakati wa uhaba wa chipu duniani, watengenezaji waliojifunza kwa machungu walijaza maghala yao. Januari 2024 Mobileye ikatangaza kwamba wateja wake walikuwa na akiba ya EyeQ kati ya milioni 6 na 7 ambazo hazijafungwa kwenye magari. Bei ya hisa ikaporomoka kwa takriban robo katika siku moja. Mapato ya mwaka yakashuka kutoka dola bilioni 2.08 hadi bilioni 1.65. Hakuna teknolojia iliyoharibika, hakuna mshindani aliyevumbua muujiza. Wateja walikuwa tu na mzigo mwingi stoo.

Kuna lalamiko jingine dhidi ya Mobileye, la zamani zaidi, na ndilo lililomfungulia Qualcomm mlango. Mobileye iliuza chipu na programu yake vikiwa sanduku moja lililofungwa. Mtengenezaji wa gari alipata majibu: hapa kuna mtoto, pale kuna pikipiki. Jinsi majibu yalivyopatikana haikumhusu. Tesla ilivumilia hadi mwaka 2016, wakaachana kwa maneno makali. BMW, iliyotangaza mwaka huohuo kushirikiana na Mobileye na Intel, ilifika mahali ikataka kuandika sehemu ya programu kwa mkono wake na kuona data ya magari yake. Novemba 2021 ikatangaza kwamba kizazi kijacho cha magari yake kitatumia Qualcomm.

Na Qualcomm si mgeni wa magari kwa kiasi watu wanavyodhani. Ilianzishwa San Diego mwaka 1985 na kundi la wahandisi wakiongozwa na Irwin Jacobs, na bidhaa yake kubwa ya kwanza ilihusu malori. OmniTRACS, iliyoanza kazi mwaka 1988, ilimwezesha mwenye malori kujua lori lake liko wapi katika upana wa Marekani na kumtumia dereva ujumbe kwa setilaiti, wakati ambapo njia nyingine ilikuwa dereva kusimama kituo cha mafuta na kutafuta simu ya sarafu. Fedha za malori zilisaidia kulea utafiti wa mawasiliano ya simu ulioitajirisha kampuni baadaye. Kisha simu zikawa kila kitu, na mwaka 2013 Qualcomm ikaiuza OmniTRACS kwa dola milioni 800.

Kurudi barabarani kukawa ghali. Mwaka 2016 ilikubaliana kuinunua NXP ya Uholanzi, mmoja wa wauzaji wakubwa wa chipu za magari, na bei ikapanda hadi dola bilioni 44. Nchi moja baada ya nyingine zikatoa idhini. China haikutoa, na ilikuwa katikati ya mvutano wa biashara na Marekani. Julai 2018 muda ukaisha, Qualcomm ikailipa NXP dola bilioni 2 za kuvunja mkataba na kuondoka mikono mitupu.

Safari ya pili ilipitia Sweden. Autoliv, kampuni ya mikanda na mifuko ya hewa, na Volvo walikuwa wameunda kwa pamoja kampuni ya programu za udereva mwaka 2017, Zenuity. Mwaka 2020 wakaigawana. Sehemu moja ikabaki na Volvo, nyingine ikaenda Veoneer, ambayo Autoliv ilikuwa imeitenga ijitegemee na ambayo ilikuwa ikipoteza fedha. Kutokana na sehemu hiyo ya pili ikazaliwa timu ya programu iliyopewa jina Arriver, ikifanya kazi juu ya chipu za Qualcomm. Kiangazi cha mwaka 2021 Magna ya Canada ikatangaza kuinunua Veoneer yote kwa dola 31.25 kila hisa. Hapo Qualcomm ikaona mshirika wake anachukuliwa. Ikaja na dola 37. Magna ikalipwa dola milioni 110 za kujiondoa, na Qualcomm ikaungana na kampuni ya uwekezaji ya SSW Partners kulipa jumla ya dola bilioni 4.5. Aprili 2022 mambo yakakamilika: Qualcomm ikabeba Arriver tu, na SSW ikabaki na viwanda na rada na biashara nyingine za kuuza upya. Sehemu moja ya mali hizo hatimaye ilinunuliwa na Magna ileile, kwa dola bilioni 1.5 na kidogo.

Ukiondoa ufundi wa wanasheria, maana yake ni kwamba Qualcomm haikutaka vyuma. Ilitaka watu wanaojua kuandika programu ya kuona barabara.

Kwa nini haraka hiyo yote? Jibu moja linaitwa Apple. Kwa miaka mingi modemu ya Qualcomm ndiyo iliyounganisha iPhone na mtandao, na Apple ilikuwa mteja mkubwa asiyefurahi. Februari 2025 ikatoa iPhone 16e yenye modemu yake yenyewe, C1. Mteja mkubwa akianza kujitengenezea, muuzaji hana budi kutafuta wengine. Cristiano Amon, Mbrazili aliyeshika uongozi wa Qualcomm mwaka 2021, amewaahidi wawekezaji kwamba magari yataingiza dola bilioni 8 kwa mwaka ifikapo mwaka wa fedha 2029. Ahadi haionekani ya kubahatisha. Katika mwaka wa fedha ulioisha Septemba 2025 magari yaliingiza karibu dola bilioni 4, kutoka chini ya bilioni 3 mwaka uliotangulia, na robo ya mwisho ilivuka bilioni moja kwa mara ya kwanza. Bado ni sehemu ndogo ya mapato yote ya kampuni, yaliyozidi bilioni 44.

Ila msomaji asidanganyike na hizo bilioni 4. Qualcomm imejijenga kwanza kwenye dashibodi: skrini, ramani, muziki, sauti, modemu. Huko inatawala, hasa China, ambako wanunuzi wa magari wanataja namba ya chipu kama wanavyotaja ya simu. Chipu yake ya 8155 iligeuka kuwa tangazo la biashara. Mwaka 2022 wenye magari ya Zeekr 001 walilalamika kwamba skrini zao, zilizotumia chipu ya zamani ya Qualcomm hiyohiyo, zilikuwa zinajivuta, na Zeekr ikaahidi kuwabadilishia wote kuwa 8155 bila malipo. Ni nadra kusikia mnunuzi akidai kubadilishiwa chipu ya breki za dharura. Skrini watu wanaigusa kila siku. Programu ya udereva inajulikana thamani yake siku inapookoa maisha, au siku inaposhindwa.

Hesabu ya Qualcomm ni kuingia kupitia skrini na kufika kwenye usukani. Mwaka 2023 ilionyesha chipu iitwayo Snapdragon Ride Flex, inayoweza kuendesha dashibodi na mfumo wa kumsaidia dereva kwa pamoja, kazi ambazo kwa kawaida zimekaa kwenye kompyuta mbili tofauti zenye nyaya zake, kipoza chake na msambazaji wake. Kwa gari la bei ya kati, kuondoa kompyuta moja nzima si jambo dogo. Watengenezaji wa magari hubishania senti kwenye bei ya skrubu. Hii ndiyo karata ya Qualcomm iliyo bora kuliko zote, na inashangaza kwamba haizungumzwi kama inavyozungumzwa nguvu ya kukokotoa, ambayo kila kampuni inaipandisha kila mwaka hadi namba zimepoteza ladha.

Upande wa programu ndiko kwenye mashaka. Kuuza chipu ni kama kuuza mkaa: mteja anaulizia bei, anaulizia moto, anaondoka. Kuuza programu ya udereva ni kuingia jikoni kwake kumpikia wageni wake, na wali ukiungua ni jina lake litakalotajwa. Ndiyo maana kila mtengenezaji mkubwa amejaribu, kwa wakati wake, kupika mwenyewe. Tesla inaandika programu yake na kubuni chipu yake tangu mwaka 2019. Zeekr ilinunua mfumo wa juu wa Mobileye, kisha mwaka 2024 ikauweka kando katika toleo jipya la 001 na kutumia programu yake juu ya chipu za Nvidia. Volkswagen imemwaga mabilioni kwenye kampuni yake ya programu, Cariad, ikachelewesha magari yake yenyewe, na nchini China ikaishia kuungana na Horizon Robotics ya Beijing.

Qualcomm nayo imeonja. Oktoba 2021 General Motors ilitangaza Ultra Cruise, mfumo ambao ungemwezesha dereva kuachia usukani katika asilimia 95 ya hali za barabarani, na miezi michache baadaye ikajulikana kwamba ungesukumwa na chipu za Snapdragon Ride. Hadi Januari 2024 mpango ulikuwa umekufa. GM ikarudi kuboresha mfumo wake wa awali, Super Cruise. Machi 2025 ikasimama jukwaani na Nvidia kutangaza ushirikiano wa magari yajayo.

Jina la Nvidia haliepukiki. Mkuu wake, Jensen Huang, anauza kwa namna yake: anamuuzia mtengenezaji seva za kufundishia programu, programu za kuigiza barabara kwenye kompyuta, na chipu ya ndani ya gari. Mercedes-Benz ilitia saini naye mwaka 2020. Kitu kimoja kinachekesha kidogo: katika mwaka wa fedha ulioisha Januari 2025, kitengo chake cha magari kiliingiza dola bilioni 1.7, chini ya Qualcomm, na kwa kampuni ya ukubwa wake hizo ni chenji. Lakini chenji hiyo inaweza kulishwa na faida za vituo vya data bila kikomo, na mshindani asiyehitaji faida ya biashara fulani ni mshindani wa kuogopwa.

China inatisha kwa sababu nyingine, nayo ni bei. Februari 2025 BYD ilitangaza kwamba mfumo wake wa kumsaidia dereva, unaoitwa Jicho la Mungu, utafungwa kwenye karibu magari yake yote bila nyongeza ya bei, hadi lile dogo la Seagull lililoanzia wakati huo yuan 69,800, chini ya dola elfu kumi. Tesla ilikuwa ikiwatoza Wamarekani dola 99 kwa mwezi. Mtu anayepanga kuishi kwa ada ya programu akilisoma tangazo la BYD, lazima arudi kwenye karatasi yake ya hesabu.

Wiki chache baadaye furaha ya soko hilo ilikatika. Usiku wa Machi 29, 2025, katika jimbo la Anhui, gari la Xiaomi SU7 lilikuwa likienda kilomita 116 kwa saa likiwa kwenye mfumo wa usaidizi. Mbele kulikuwa na matengenezo ya barabara. Mfumo ukatoa onyo, dereva akashika usukani, na sekunde chache baadaye gari likagonga kizuizi cha zege kwa kasi ya karibu kilomita 97. Wanafunzi watatu wa chuo kikuu wakafa. Aprili serikali ya China ikawaita watengenezaji na kuwapiga marufuku kutumia maneno kama "kujiendesha" katika matangazo ya mifumo ya aina hiyo, na kuwabana kuhusu kuwasasishia wateja programu ambazo hazijapimwa ipasavyo.

Mahakama nazo zimeanza kusema. Agosti 2025 baraza la wazee wa mahakama mjini Miami liliamua kwamba Tesla ilibeba theluthi ya lawama katika ajali ya mwaka 2019 huko Key Largo, Florida, ambapo dereva aliyekuwa ametegemea Autopilot aliinama kuokota simu aliyoiangusha. Tesla ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 243. Hadi hapo dhana ilikuwa kwamba katika ngazi ya 2 mwenye kosa ni dereva, basi. Baada ya hapo idara za sheria za watengenezaji wa magari zinauliza swali ambalo muuza chipu hakuwahi kuulizwa: programu ikishindwa, wewe utasimama wapi?

Kwa Qualcomm, swali hilo lina pande mbili. Upande mmoja, linamtia hatarini. Upande wa pili, linapunguza wanaoweza kubaki uwanjani. Programu ya usalama inahitaji kupimwa barabarani nchi moja baada ya nyingine, kwa alama za kila nchi, michoro ya kila nchi na tabia ya kila nchi. Qualcomm ilisema Ride Pilot imeshathibitishwa kwa nchi 60, na lengo ni kuvuka 100 ndani ya mwaka 2026. Gari nalo si simu. Simu inaundwa kwa mwaka na kutupwa baada ya mitatu. Gari linachukua miaka kadhaa kubuniwa, linakaa barabarani zaidi ya kumi, linalala kwenye theluji ya Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, na kuoka kwenye lami ya Dubai, na chipu inatakiwa isikose. Kampuni changa yenye wahandisi hodari na benki isiyo na subira haitaweza mchezo huo. Watengenezaji wa kati, wenye magari milioni moja au mbili kwa mwaka, nao hawatamudu kuandika programu kama hiyo peke yao. Hao ndio wateja halisi wa Qualcomm, wala si Tesla, wala si BYD.

Siasa inaweza kusaidia au kuumiza, na pengine vyote. Januari 2025 Wizara ya Biashara ya Marekani ilipitisha kanuni ya kuzuia programu za Kichina katika magari yanayounganishwa na mtandao, kuanzia magari ya modeli ya mwaka 2027, jambo linaloweza kuwabana washindani kama Horizon kwenye soko la nyumbani la Qualcomm. Lakini China ina kumbukumbu. Qualcomm ilipokamilisha ununuzi wa Autotalks ya Israel mwaka 2025, kampuni ndogo ya chipu za kuwezesha magari kuwasiliana yenyewe kwa yenyewe, wasimamizi wa ushindani wa Beijing walifungua uchunguzi Oktoba mwaka huohuo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Qualcomm iliwahi kuumwa kwa dola bilioni 2.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudhani haya ni ya wenye BMW mpya. Si kweli. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo tangu Januari 2026 yanayoshuka melini ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye. Subaru ilianza kufunga kamera zake mbili za EyeSight mwaka 2008. Toyota ilianza Safety Sense mwaka 2015. Maana yake magari mengi ya mtumba kwenye yadi za leo tayari yana jicho nyuma ya kioo cha mbele, na mengi yanatoa maonyo yake kwa Kijapani, mwenye gari akibahatisha kama limesema breki au limesema mlango haujafungwa. Kioo kikipasuka kwa kokoto, fundi anabandika kingine, na kamera inayopaswa kupimwa upya kwa vifaa vyake inarudishwa mahali pake kwa macho tu. Kamera iliyopinda kidogo inaona njia ya jirani.

Programu kama Ride Pilot italeta swali jipya yadini. iX3 iliyosajiliwa Uingereza mwaka 2026 itaruhusiwa kuingia Mombasa hadi mwaka 2033. Mwenye gari wa pili atanunua vyuma, betri na viti. Uwezo wa gari kuhama njia kwa kutazamwa kioo unategemea programu iliyothibitishwa kwa nchi fulani, inayosasishwa na kampuni fulani, pengine kwa ada. Biashara nzima ya magari ya mtumba Afrika Mashariki imejengwa juu ya kitu ambacho ukishakilipia ni chako chote.

Turudi San Diego kwa hesabu ya mwisho. BMW, pamoja na Mini na Rolls-Royce, iliuza magari karibu milioni 2.45 mwaka 2024, na imesema teknolojia ya kizazi hiki kipya itaingia kwenye modeli 40, mpya na zilizoboreshwa, ifikapo 2027. Kwa dashibodi na chipu, ahadi ya bilioni 8 inaonekana kufikika. Qualcomm tayari imeshafika nusu ya njia na mikataba ya magari hujulikana miaka mingi kabla. Kwa programu, mteja mmoja, hata awe BMW, ni mdogo mno kubeba gharama ya kuithibitisha katika nchi 100 na kuitunza kwa miaka kumi na tano. Mobileye ilihitaji makumi ya milioni ya magari kwa mwaka ili dola 50 zake ziwe biashara. Uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba Qualcomm itaitumia Ride Pilot kama chambo cha kuuzia chipu, ikiigawa kwa vipande: huyu achukue sehemu ya kuona tu, yule achukue hadi ya kuamua, mwingine alete yake. Ni uamuzi unaowezekana kwa kampuni inayopata faida kwenye silikoni, na ni habari mbaya kwa Mobileye, ambayo haina simu wala dashibodi ya kujishikiza. Ishara ya kutazamwa ni jina la mtengenezaji mwenye magari ya bei ya kati atakayeichukua programu yote, kuanzia kamera hadi usukani, bila kuomba aandike sehemu yake mwenyewe.